Nyumba ya Mzee ni Ile Anamolala Leo

Leo nataka tuzungumze juu ya kodi ya nyumba, na hasa kodi ya mtu aliyetimiza miaka sabini, asiye na nyumba yake mwenyewe wala shamba la kurudia, ambaye kila mwezi unapokaribia kwisha huanza kuiwazia tarehe tano, siku ya kulipa kodi.

Watu hawa tunao wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Wengi wao wako mashambani, ni kweli, lakini hapa Mombasa mzee mpangaji si mtu wa kutafutwa kwa kurunzi. Ingia Majengo, Bondeni, Kisauni au Changamwe, uulize katika nyumba yoyote ya vyumba sita. Mara nyingi utaambiwa kwamba kile chumba cha mwisho, karibu na uwani, yumo babu fulani au bibi fulani, na aliingia humo watoto wa mwenye nyumba hawajazaliwa.

Serikali humpa mzee kama huyo shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii, ikiwa amefikisha miaka sabini na jina lake limeingia kwenye orodha. Kuna nyakati pesa hizo huchelewa, zikaja za miezi miwili mitatu kwa mpigo. Mwenye nyumba hangoji Inua Jamii. Na hata zingefika siku yake bila kukosa, chumba cha kawaida kisiwani leo hakilipiki kwa elfu mbili, sembuse maji, stima, dawa ya presha na kilo ya unga.

Upande wa pili tunasikia kila siku habari za nyumba za bei nafuu. Kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake anatoa kiasi kama hicho, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Kuna fungu la wenye kipato kisichozidi shilingi 20,000 kwa mwezi, nalo linaitwa nyumba za kijamii. Vizuri. Lakini mpango wenyewe umejengwa juu ya kununua. Unajiandikisha, unaweka akiba, kisha unalipa kidogo kidogo kwa miaka, hata ikafika thelathini. Mtu wa miaka sabini akianza leo, atamaliza deni akiwa na miaka mia moja.

Sisemi haya kuubeza mpango. Kijana wa miaka 28 anayeishi na mkewe na mtoto katika chumba kimoja anahitaji nyumba hizo, na namwombea apate moja. Ninachosema ni kwamba nyumba ya bei nafuu ya mzee haiko kwenye ramani ya mhandisi. Iko tayari, imesimama, ukuta umeingia chumvi na mabati yanavuja, na yeye yumo ndani yake usiku huu. Chumba hicho kikibomolewa, au kodi yake ikipandishwa mara mbili, nchi imepoteza nyumba moja ya bei nafuu. Nani anayeihesabu? Tunasomewa kila wiki idadi ya nyumba zinazojengwa. Sijapata kusikia hata siku moja tukisomewa idadi ya vyumba vya kodi ya chini vilivyotoweka mwaka huo.

Huenda msikilizaji mwingine anajiuliza: huyu mtu amefanya kazi maisha yake yote, imekuwaje akazeeka bila nyumba? Swali hilo lina jibu, na jibu lake liko bandarini.

Mji huu ulijengwa na vibarua. Wakati wa ukoloni kibarua hakutazamiwa kuzeeka mjini. Alitakiwa aje akiwa na nguvu, abebe magunia, alale popote na wenzake kwa zamu, kisha mgongo ukimwuma arudi kwao. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na moja ya vilio vyao vikubwa ilikuwa kodi ya nyumba. Hapo ndipo waajiri walipoanza kukubali kutoa posho ya kodi. Januari 1947 mji mzima ulisimama tena, bandari, reli na hoteli, katika mgomo ule ambao jina la kiongozi wa wafanyakazi Chege Kibachia halitengani nao. Nyumba nyingi za manispaa tunazozijua katika miji yetu zilijengwa baada ya serikali kutambua kwamba mfanyakazi asiye na pa kulala ni hatari. Hazikuwa zawadi, watu walizidai.

Waliogoma 1947 wametangulia mbele ya haki. Lakini wale walioingia bandarini miaka ya sitini na sabini ndio wazee wetu wa leo. Wengi walikuwa vibarua wa siku. Wengine walikuwa mayaya, makuli, wapishi wa majumbani, madobi, washonaji wa barazani. Hata waliokuwa na ajira ya kuandikwa, tukumbuke kwamba kwa miaka mingi makato ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, hayakuzidi shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza kama hizo, mpaka viwango vipya vilipoanza kutekelezwa 2023. Tena pesa ile ililipwa kwa mkupuo mmoja, si pensheni ya kila mwezi. Mtu alipokea bahasha yake, akalipa madeni, akaozesha binti, na mwaka haujaisha imekwisha. Nani atajenga kwa hiyo?

Kuna neno husemwa kirahisi sana: "Si arudi kwao?" Kwao wapi? Yupo aliyezaliwa Majengo, baba yake alizaliwa Majengo, na mauti yakimkuta atazikwa papa hapa kisiwani. Yupo aliyetoka Taita, Ukambani au Nyanza akiwa na miaka kumi na minane, ndugu zake wakagawana shamba naye hayuko, na leo akirudi ni mgeni wa wajukuu wa kaka yake. Na neno la pili, "Ana watoto, wamchukue," nalo nalisikia. Watoto wengine wapo na wanamtunza, Mungu awalipe. Wengine wanaishi kwenye chumba na jiko Nairobi, na kumleta mama ni kumlaza juu ya kochi sebuleni, ambako hawezi hata kuswali bila kumngoja mjukuu amalize televisheni. Na wapo wazee ambao hawakujaaliwa watoto. Katiba yetu, kifungu cha 57, haikusema mzee atunzwe na jamaa peke yao. Imesema apate uangalizi na msaada kutoka kwa familia na Serikali, aishi kwa heshima. Na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na inayofikika.

Tuje kwenye nyumba za kaunti, maana hapo ndipo mambo yanapoumana. Serikali za kaunti zilipoingia 2013 zilirithi mitaa ya manispaa: Buxton, Tudor, Khadija, Mzizima, Likoni, Changamwe. Nyumba zimechoka. Mabomba yameoza, ngazi zimemeguka, na kwa miaka mingi kodi iliyokusanywa haikurudi kuzikarabati. Mtu akisema zinafaa kujengwa upya, simpingi. Ninachouliza ni aliyemo anakwenda wapi.

Buxton ilikuwa na nyumba zipatazo 520. Wapangaji walipotakiwa kuhama ili mtaa ujengwe upya, kila kaya ilipewa shilingi 240,000 ya kupangia mahali pengine wakati ujenzi ukiendelea. Baadhi yao walikwenda mahakamani kupinga. Nyumba za zamani zilibomolewa, na leo pale pamesimama maghorofa marefu yanayouzwa. Nichukue hizo 240,000 nizigawe: ni shilingi 10,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Kijana anaweza kuzifanya mtaji wa tuktuk. Kwa mama wa miaka 72 ni miaka miwili ya kodi, na mwezi wa ishirini na tano anakutana na soko uso kwa uso. Na mnunuzi wa nyumba mpya pale alipokuwa anaishi ni mtu mwenye mkopo wa benki. Benki gani itamkopesha mama huyu?

Tena tufikirie alichokiacha Buxton zaidi ya kuta nne. Hospitali ya Makadara iko karibu, anakwenda kliniki ya sukari bila kuomba nauli. Dukani anaandikiwa kwenye daftari mpaka pesa ya Inua Jamii iingie. Mama wa mahamri anamwekea mawili kila alfajiri, na asipomwona anatuma mtoto akabishe mlango. Huyo mtoto anayebisha mlango ndiye huduma ya dharura ya mzee aliye peke yake, na hakuna mradi uliowahi kumwandika kwenye bajeti. Mpeleke bibi huyu Mtwapa ndani, ghorofa ya tatu, pasipo na anayemjua. Chumba huenda kikawa na vigae na choo ndani. Akianguka bafuni, nani atajua?

Nisizionee kaunti peke yake. Kisa kinachonisumbua zaidi kiko Nairobi, mtaa wa Muthurwa, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mtaa ule ulihamishiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Shirika la Reli, ili mali ile itumike kuwalipa wastaafu. Mwaka 2010 wapangaji walipewa notisi ya kuondoka, nyumba zikaanza kubomolewa, maji yakakatwa. Miongoni mwa waliokuwa wakiishi mle walikuwamo watu walioifanyia kazi reli hiyo hiyo. Wakaenda Mahakama Kuu, na Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki zao, ikiwemo ya makazi, zilikiukwa, akaitaka Serikali iweke utaratibu wa kisheria wa kuwalinda watu dhidi ya kufurushwa ovyo. Lakini tazameni fumbo lenyewe. Mfuko ulikuwa na wajibu wa kweli: wastaafu wanadai pensheni zao, na pesa haipo isipokuwa kwenye ardhi. Kwa hiyo mzee mmoja alipwe kwa kuuza paa la mzee mwingine. Siamini kwamba waliokaa mezani walikuwa na roho mbaya. Hawakuwa na safu kwenye karatasi zao ya kuandika kwamba nyumba ya kodi ndogo nayo ni sehemu ya pensheni. Mtu anayelipa kodi ya chini hahitaji pensheni kubwa. Mwondoe, utalazimika kumwongezea pesa, au umwache alale nje.

Sasa tutoke kwenye nyumba za serikali, twende kwenye nyumba ya Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowahifadhi maskini wa Mombasa kuliko mpango wowote wa serikali. Mnaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma pamoja na jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vitano anapangisha. Aghalabu mwenye nyumba mwenyewe ni mzee, na mara nyingi ni mwanamke, mjane aliyeachiwa nyumba na mumewe. Kodi za vyumba vitano ndiyo pensheni yake. Anawajua wapangaji wake, hampandishii kodi mtu ambaye mwaka jana alimsaidia kumwuguza dada yake.

Lakini katika Mombasa nyumba nyingi za namna hii zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Nyumba ni yako, kiwanja si chako, unalipa kodi ya kiwanja. Chanzo chake ni kirefu, kinarudi mpaka ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, wakati madai ya ardhi ya Pwani yalipoandikishwa na wachache wakatoka na hati, wengi wakabaki na nyumba tu. Mwenye ardhi akiuza, mnunuzi anataka kujenga ghorofa. Mwenye nyumba anapewa notisi, pengine na fidia ya kuta zake. Siku hiyo, kwa nyundo moja, vyumba sita vya kodi ya chini vimepotea pamoja na pensheni ya mama mmoja. Tembeeni Majengo mhesabu maghorofa yaliyoota mahali pa nyumba za makuti na mabati, mtapata picha ya yaliyopotea.

Je, sheria haimlindi mpangaji? Ipo Sheria ya Udhibiti wa Kodi, sura ya 296, ya tangu 1959, na ipo Mahakama ya Kodi ambako mpangaji anaweza kupeleka malalamiko bila wakili. Ni sheria nzuri, iliandikwa na watu walioelewa kwamba mpangaji maskini hana nguvu sawa na mwenye nyumba. Ila inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi inayohesabiwa kuwa ya haki inaanzia ile iliyokuwa ikilipwa Januari 1, 1981. Saa ya sheria hii ilisimama siku hiyo. Chumba kilichokuwa ndani ya ulinzi wake zamani, leo kodi yake ni 4,000 au 5,000, kimetoka nje ya ulinzi kwa sababu tu shilingi imepungua thamani. Wabunge wakilipandisha kiwango hicho kifikie kodi halisi za leo, hawatahitaji mfuko wowote wa fedha. Ni kubadilisha tarakimu. Mwenye nyumba naye ana haki yake, hasa yule mjane niliyemtaja, na kodi anayoruhusiwa lazima itoshe kuezeka paa. Hilo linaweza kuandikwa ndani ya sheria hiyo hiyo.

Kuhusu ardhi, hatuna haja ya kusafiri mbali. Hapo Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, miaka ya tisini wakazi waliamua kwamba ardhi itamilikiwa na wote kwa pamoja, na kila mtu awe na nyumba yake juu yake. Nyumba unaweza kuuza, ardhi haiuziki kwa tajiri anayepita. Mombasa nasi tuna Wakf, jambo ambalo mababu zetu walilijua vizuri: mtu anafunga mali isiuzwe, faida yake iende kwa wanaohitaji. Wapo matajiri wa mji huu wanaojenga misikiti ya pili na ya tatu katika mtaa mmoja. Nawasihi, kwa heshima zote, wafikirie wakf wa vyumba kumi vya wazee, vyenye kodi ndogo ya kudumu milele. Na jumuiya za makanisa zenye viwanja vilivyozungushiwa ukuta na kuota magugu, nanyi nawasihi vivyo hivyo.

Dar es Salaam kuna mfano unaofaa kutazamwa kwa macho yote mawili. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa kwenye nyumba za zamani zikabomolewa, na kwa miaka uwanja ukabaki mtupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliahidi watajengewa hapo hapo, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa mapya, wale waliokuwa kwenye orodha wakarudi. Wamerudi kwa sababu majina yao yalihifadhiwa na hawakuchoka kudai. Hilo nalisifu kwa moyo wote. Lakini kati ya kutoka na kurudi imepita takriban miaka kumi. Miaka kumi kwa mtu wa arobaini ni usumbufu. Kwa mtu wa sabini na tano mara nyingi ndiyo miaka yote iliyobaki.

Kwa hiyo nikiulizwa ningetaka nini mtaa wa kaunti unapojengwa upya, ningetaka ujengwe bloku kwa bloku. Jenga la kwanza kwenye uwanja ulio wazi, wahamishie wazee humo, wavuke ua tu na ndoo zao na mikeka yao, ndipo ubomoe walikotoka. Ghorofa ya chini iwe yao, maana lifti zetu tunazijua. Sehemu ya nyumba zisiuzwe kamwe, zibaki za kupangisha, kodi ikifuata kipato cha aliyemo, na akifa chumba kiende kwa mzee mwingine badala ya kuuzwa. Mkandarasi atasema njia hiyo ni ya polepole na ghali. Ni kweli, ni ya polepole kwake.

Kabla sijaaga, jambo la kufanya. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata kwenye bunge la kaunti, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo hufanyika wadi kwa wadi, mara nyingi asubuhi ya siku ya kazi, na wanaohudhuria ni wachache. Nendeni. Mpelekeni mzee mmoja, mwitieni tuktuk. Msiulize nyumba ngapi zitajengwa, hilo mtaambiwa bila kuuliza. Ulizeni katika mitaa yote ya kaunti wapangaji waliovuka miaka sitini ni wangapi, wanaishi mlango nambari ngapi, na kama rejista hiyo ipo, iwekwe mezani mpewe nakala. Kama haipo, ombeni ianze kuandikwa mwezi huo huo, na mtaje jina la afisa atakayeiandika.